Stima Inaporudi kwa Kishindo: Jinsi ya Kulinda Mashine ya Muziki Bila Kuharibu Sauti Yake

Usiku wa tarehe 25 Agosti mwaka 2023 stima ilizimika karibu katika Kenya nzima, na watu wa miji na mashamba wakakaa gizani kwa muda mrefu. Habari za giza lile zilienea hata nchi za nje, kwa kuwa kiwanja kikubwa cha ndege cha Nairobi nacho kiliguswa. Lakini wenye mashine za muziki nyumbani wanajua ya kuwa giza lenyewe haliwadhuru sana. Hatari huja stima inaporudi. Ikirudi kwa kishindo, na amplifaya imeachwa imewashwa, yaweza kuunguza kwa kufumba na kufumbua kitu kilichonunuliwa kwa fedha za majani ya chai ya msimu mzima.

Mashine za namna hiyo si mali ya matajiri peke yao. Mwalimu wa Nyamira, karani wa Kakamega na mwenye duka wa Kericho, kila mmoja huenda akawa na amplifaya, spika mbili, redio, na pengine gramafoni ya kuchezea santuri za benga alizorithi kwa baba yake. Amplifaya nyingi zinazopendwa ni za zamani, na ikiungua moja, fundi aweza kutafuta vipuri vyake mji mzima asivipate. Kwa hiyo jambo la kuilinda si dogo.

Hata hivyo watu hawapatani juu ya njia ya kuilinda. Wako wasemao kwamba mtu anunue kifaa cho chote cha kinga dukani, akichomeke ukutani, alale usingizi. Wako wengine, na hasa wale wenye masikio makali, wasemao kwamba vifaa hivyo vyote hunyonya muziki: besi hulegea, sauti husinyaa, na mvumo huingia ndani ya spika. Wote wawili wamesema kweli nusu. Ziko kinga zisizogusa sauti hata kidogo, na ziko nyingine ziiharibuzo sana. Tena vipo vifaa viitwavyo kinga ambavyo havikingi lile mtu analoliogopa. Ili kuvitenga yafaa kwanza kuwajua maadui wenyewe, maana ni wawili, na dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine.

Adui wa kwanza ni kishindo. Stima ya nyumbani katika Kenya ni ya volti 240, nayo hupanda na kushuka kama mawimbi, ikifika karibu volti 340 kila inapokuwa kileleni. Kishindo ni wimbi la ghafula lirukalo juu ya mengine yote, labda volti elfu kadha, kisha likatoweka kabla mtu hajaweza kuliona, kwa maana muda wake huhesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde moja. Vishindo vidogo hutokana na mota kubwa zinapowashwa na kuzimwa, kama ile ya mashine ya kusaga unga iliyo jirani. Vikubwa hutokana na radi.

Na kwa radi, watu wa magharibi ya Kenya hawana haja ya kuhadithiwa. Ziwa Viktoria na nchi ya juu inayolizunguka ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi sana duniani. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea Kisii, Kericho, Nandi na Kakamega, ukabeba unyevu, na alasiri mawingu hujikusanya na kunguruma. Usiku dhoruba huhamia juu ya ziwa. Radi moja yaweza kuwa na nguvu ya ampea 30,000. Wala si lazima ipige nyumba. Ikipiga mti au nguzo iliyo mbali, waya zilizotandazwa hewani huipokea sehemu ya nguvu ile na kuileta mpaka sebuleni. Wazee wengi hufunika vioo radi inapopiga. Kufunika kioo hakumdhuru mtu, lakini kioo hakileti radi ndani ya nyumba. Waya wa eriali ulio juu ya paa ndio uwezao kuileta, nao hakuna aufunikaye.

Adui wa pili hutembea polepole, na kwa sababu hiyo watu wengi hawamjui. Katika sehemu nyingi stima husafirishwa kwa waya tatu zenye moto, pamoja na waya wa nne uitwao nyutro. Kati ya waya mmoja wa moto na nyutro kuna volti 240. Kati ya waya mmoja wa moto na mwenzake kuna volti 415. Nyutro ikikatika juu ya nguzo, au kiungo chake kikilegea kwa kutu, nyumba zilizo katika laini hiyo hugawana stima bila haki. Nyumba yenye vitu vingi vilivyowashwa hupata kidogo, na nyumba yenye taa moja na redio huweza kupata karibu volti 415 zote. Ishara yake ni kwamba taa za nyumba moja hung'aa kama jua huku za jirani zikififia. Jambo hili halipiti kwa kufumba na kufumbua kama kishindo. Hukaa dakika, hata saa.

Amplifaya nyingi za siku hizi, zile nyepesi zisizo na transfoma nzito, ndizo zipatazo taabu hapo. Ndani yake mna kapasita, yaani vile vikopo vya kuwekea akiba ya stima, na nyingi zimetengenezwa zivumilie volti 400 au 450 tu. Volti 415 zikiingia hupanda mpaka volti 587 kileleni. Kikopo hupasuka kwa mlio, na moshi hufuata.

Sasa kinga zenyewe. Kifaa kipatikanacho zaidi madukani kwa kuzuia vishindo ni ile kebo yenye soketi nyingi ambayo ndani yake mmewekwa varista. Varista ni kidonge kidogo, chembe chembe za oksidi ya zinki zilizochomwa pamoja mpaka zikashikana. Tabia yake ni ya ajabu: volti zikiwa za kawaida, hukataa kabisa kupitisha stima, volti zikizidi kiasi chake, hufungua njia mara moja, na kishindo kikapitia hapo badala ya kuingia katika mashine. Mkulima aliye na bwawa ataelewa upesi. Hufanya kazi kama ule mfereji wa kando unaopunguza maji ya mafuriko: siku zote u mkavu, wala haumzuii mtu kuteka maji, lakini siku ya gharika ndio uokoao ukuta wa bwawa.

Na hilo ndilo jibu kwa wale wanaohofia sauti. Varista imewekwa kando ya njia ya stima, haikuwekwa katikati yake. Siku za kawaida hakuna kinachopita ndani yake, na amplifaya haiwezi kutambua kama ipo au haipo. Tena yafaa kukumbuka kwamba muziki haupiti katika waya wa ukutani. Stima ya ukutani hujaza zile kapasita, kama vile pampu inavyojaza tangi la juu ya nyumba, na amplifaya huteka humo nguvu ya kusukumia spika. Ikiwa tangi linajaa sawasawa, pampu haijulikani katika ladha ya maji. Mtu akidai kwamba kebo ya bei kubwa mno imemsafishia sauti ya gitaa, hapana haja ya kugombana naye, bali hapana haja pia ya kumfuata dukani.

Lakini varista ina udhaifu wake. Kwanza, huchakaa. Kila kishindo kikubwa huila kidogo, mpaka siku moja inakufa. Pili, haiwezi kupambana na yule adui wa pili. Nyutro ikikatika, varista hujaribu kumwaga volti zilizozidi kwa dakika nyingi, hupata moto, na ile iliyotengenezwa vibaya huweza kuwaka. Zilizo bora zina fyuzi ya joto ndani yake, ikatayo njia kabla moto haujashika. Tatu, mnunuzi na asome maandishi. Varista ya nchi yetu huandikwa mara nyingi volti 275. Kebo zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako stima ni ya volti 120, zina varista za volti 130 au 150. Mtu akiichomeka kebo ya namna hiyo katika soketi ya Kenya hatakuwa amenunua kinga, atakuwa amenunua kibiriti. Vitu vilivyokwisha tumika vinavyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo vikaguliwe sana kwa habari hii.

Yako makosa mengine mawili ya ununuzi. Kuna watu waonao ya kuwa fyuzi iliyo ndani ya plagi, ya ampea 3 au 13, inatosha kuwa kinga. Kazi ya fyuzi ile ni kuzuia waya usishike moto. Kishindo hupita na kumaliza kazi yake kabla fyuzi haijaanza kupata joto. Na kuna wanunuao kebo ndefu ya soketi nyingi kwa sababu ina taa nyekundu, wakidhani taa ni alama ya kinga. Taa ni taa tu. Kama maandishi ya kifaa hayataji kinga ya kishindo, basi haimo.

Aliye na uwezo, na amwite fundi aliyeidhinishwa amwekee kinga kubwa katika sanduku la fyuzi, karibu na mita, mahali stima inapoingilia nyumbani. Kinga hiyo hupokea pigo la kwanza, na ile ndogo ya sebuleni hupokea mabaki. Fundi na asimamiwe kwa jambo moja: waya ziunganishazo kinga hiyo ziwe fupi, jumla yake isipite nusu mita. Kishindo huenda mbio sana, na waya mrefu wenyewe hukikaidi. Kikikaidiwa hurudi kutafuta njia nyingine, nayo ni mashine. Fundi azungushaye waya kwa madaha ili sanduku lipendeze amemharibia mwenye nyumba fedha zake.

Kwa adui wa pili hutakiwa kifaa kingine, kile kikaacho kati ya soketi na mashine kikipima volti siku zote. Zikizidi kiasi, au zikipungua mno, hukata stima. Zikitulia, hungoja kwanza, kisha huirudisha. Kule kungoja ndiko kuokoako mashine katika usiku kama ule wa Agosti 2023, kwa sababu stima irudipo mara nyingi huwa haijatulia. Watu wengi hukinunua kwa ajili ya friji au televisheni na hawafikiri kukitumia kwa muziki. Hakidhuru sauti, kwa maana ndani yake stima hupita katika swichi tu, illa kiwe na ampea za kuitosha mashine. Msomaji asifikirie kwamba chaweza kushika kazi ya varista. Swichi hufunguka polepole mno kuweza kukizuia kishindo cha radi. Vifaa hivyo viwili husaidiana, na vingine hujengwa pamoja katika sanduku moja.

Sasa ni zamu ya wale waharibuo sauti, maana malalamiko ya wenye masikio makali hayakuzuka bure.

Mkubwa wao ni stabilaiza ndogo iliyobebeshwa mzigo mkubwa. Amplifaya haili stima kwa utaratibu kama balbu. Hujaza kapasita zake kwa mafungu mafupi, mara 100 kila sekunde, na kila fungu ni kubwa mara kadha kuliko kile kiasi kilichoandikwa nyuma ya mashine. Stabilaiza dhaifu haiwezi kutoa mafungu hayo. Ndipo besi ya benga, ambayo ndiyo miguu ya muziki huo, hulegea wakati ule ule msikilizaji anapoitaka. Tena nyingi hubadilisha volti kwa swichi zilizo ndani yake, na kila zibadilishapo, mlio kama wa ukucha husikika katika spika. Pale ambapo stima hutulia, stabilaiza haihitajiwi kwa muziki. Pale ambapo volti hushuka mpaka 180 kila jioni, kama inavyoweza kuwa mwisho wa laini ndefu ya mashambani, inahitajiwa, kwa sababu stima pungufu nayo hukwaruza sauti. Lakini inunuliwe yenye uwezo wa mara tatu ya mahitaji ya amplifaya, hata ikiwa nzito kama gunia.

Wa pili ni sanduku la betri, lile litumiwalo na makarani kwa kompyuta. Yaliyo ya bei ndogo, stima ikizimika, hutoa mawimbi ya pembe nne badala ya yale ya mviringo. Kompyuta haijali. Transfoma ya amplifaya hunguruma, na mvumo huo waweza kusikika hata katika spika. Anayetaka kusikiliza muziki stima ikiwa imekwenda anunue lile litoalo mawimbi ya mviringo. Kadhalika ziko plagi za kuchuja stima, zenye waya uliosokotwa katikati ya njia. Zile zilizoandikwa ampea za kutosha hazina neno, na zile nyembamba zifaazo redio zisiwekewe amplifaya.

Wa tatu ni mwenye nyumba mwenyewe, na habari zake ni za huzuni. Mtu huunganisha gramafoni, amplifaya na televisheni, akasikia mvumo mzito usiokoma. Rafiki humwambia akate waya wa ardhi ulio ndani ya plagi ya amplifaya. Hukata, mvumo hukoma, naye hushukuru. Hajui ya kuwa sasa, kama waya wa moto ukilegea ndani ya sanduku la chuma, sanduku zima litakuwa na volti 240, na mtoto wa kwanza atakayeligusa akiwa hana viatu, sakafu ya simiti ikiwa na maji, ndiye atakayelipa. Pia ameivua kinga sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa sehemu ya kishindo humwagwa kwa njia ya waya ule ule. Haifai kukatwa kamwe. Mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba ndizo peke yake zilizotengenezwa zisihitaji waya wa ardhi.

Mvumo ule una sababu yake, na dawa yake hailetei mtu kifo. Hutokea mashine mbili zilizounganishwa zinapochomekwa katika soketi mbalimbali za nyumba: waya zao za ardhi, pamoja na waya wa sauti ulio kati yao, hufanya duara, na stima ya nyumba huvuma ndani ya duara hilo. Eriali au sahani ya televisheni yenye chuma chake peke yake ardhini huzidisha. Basi mashine zote zitoazo na zipokeazo sauti zichomekwe katika kebo moja yenye kinga, na chuma cha eriali kifungwe pamoja na waya wa ardhi wa nyumba. Duara hupungua mpaka likawa si kitu. Na hapo hupatikana faida ya pili, ambayo watu hawaitarajii: kishindo kijapo, mashine zote hupanda na kushuka pamoja, wala hakuna tofauti ya volti kati ya moja na nyingine ya kuunguza zile tundu za kuunganishia waya za sauti. Mashine nyingi zinazoletwa kwa mafundi baada ya radi hazikuuawa na waya wa stima. Ziliuawa kwa mlango wa nyuma, kupitia waya wa eriali. Kwa hiyo nao uwekewe kinga yake pale uingiapo nyumbani. Mwenye gramafoni na aangalie pia ule waya mwembamba wa tatu utokao nyuma yake. Usipofungwa katika amplifaya, santuri zote zitavuma, na hapo hakuna kosa la stima.

Baada ya hayo yote, hakuna kifaa kiwezacho kusimama mbele ya radi iliyopiga nyumba yenyewe. Kinga isiyoshindwa ni kuchomoa plagi pamoja na waya wa eriali. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa maana nafasi iliyo ndani ya swichi hiyo ni milimeta chache tu, na radi huiruka. Ila mtu achomoe mapema. Akiona umeme wa radi, ahesabu sekunde mpaka ngurumo ifike. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Hesabu ikiwa 30 au chini yake, radi i karibu ya kutosha kumfikia wakati wo wote. Hapo anayetaka kuchomoa awe amekwisha kuchomoa, maana kushika plagi na waya radi ikiwa juu ya paa ni kuiweka roho mahali pa amplifaya. Na stima ikizimika, mashine zote zizimwe gizani humo humo, zisiwashwe tena mpaka taa ziwe zimewaka dakika kadha bila kuyumba.

Limebaki jambo la varista iliyokufa. Ikifa haisemi. Kebo huendelea kupitisha stima, muziki huendelea kulia vizuri kama jana, na mwenye nyumba huendelea kuamini kwamba analindwa. Vifaa vilivyo bora vina taa ndogo, mara nyingi ya kijani, ya kuonyesha kwamba kinga ingali hai. Nayo kwa kawaida iko nyuma ya kabati, mahali pasipoonekana. Yafaa itazamwe kabla ya mvua za masika za mwezi wa Machi, na tena kabla ya zile za vuli za Oktoba, na tarehe ya kununuliwa iandikwe kwa kalamu juu ya kifaa chenyewe.